Mbuzi wa kwanjula si cheti

Ndugu wafanyabiashara wa Busia na Malaba, ndoa za mpakani mnazijua kuliko mimi. Huyu kaoa Bungoma, yule kaolewa Tororo. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho tu, basi wengi hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha! Kitambulisho ni cha safari. Kuishi kwa mwenzako na kufanya kazi huko ni habari nyingine.

Mimi ni mwalimu hapa Kampala. Nilisomea uhamishoni Kenya, nikarudi nyumbani na mume wa huko. Tulifanya kwanjula, mbuzi wakaliwa, wazee wakaridhika. Ofisini hakuna aliyeuliza habari za mbuzi, waliuliza cheti. Sisi tulikuwa nacho, lakini wangapi wanacho? Sheria ya 1973 inataka ndoa ya kimila iandikishwe gombolola ndani ya miezi 6.

Katiba yetu ya 1995 inamruhusu aliyefunga ndoa na raia, awe mume au mke, kuomba uraia ndoa halali ikidumu miaka 3, au muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Wakenya walingoja mpaka katiba ya 2010 ndipo mume mgeni akatambuliwa sawa na mke, nao wanataka miaka 7. Sasa miaka hiyo utaithibitishaje bila karatasi?

Naiomba serikali iwapeleke wasajili mpakani siku za soko. Watu wako pale pale, na mashahidi wao.