Picha ndogo zisitiwe alama

Nilipoalikwa kushiriki katika shindano la kuchora picha ndogo, nilicheka. Mimi ni mhadhiri wa isimu. Kazi yangu ni maneno. Mara ya mwisho kushika brashi ya rangi nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na sidhani kwamba mwalimu wangu wa siku hizo angenitaja miongoni mwa wachoraji. Lakini jirani yangu hapa Embu, mwalimu mstaafu, hakunipa nafasi ya kukataa. "Daktari," aliniambia, "wewe huandika kurasa hamsini juu ya kiambishi kimoja. Picha ya ukubwa wa kiberiti itakushindaje?"

Masharti yalikuwa machache. Kila mshiriki achore picha moja kwa siku, kwa muda wa siku 30. Picha isizidi ukubwa wa kiganja cha mkono. Kinachochorwa kiwe kitu ambacho mchoraji amekiona kwa macho yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi, picha zote zianikwe kwenye kamba ukumbini, kama nguo zilizofuliwa, ili kila mtu apite akizitazama.

Washiriki walitoka pande zote za barabara ile ipitayo chini ya mlima, kutoka Embu hadi Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru mjini. Walikuwamo walimu na wanafunzi, fundi wa viatu, akina mama wauzao mboga sokoni na bawabu mmoja aliyechorea zamuni usiku. Karatasi zetu zilikuwa vipande vya maboksi ya sabuni. Aliyeweza alinunua rangi za maji. Asiyeweza alitumia makaa, maji ya kahawa, au udongo wetu mwekundu ambao haumwishii mtu yeyote akaaye kwenye miteremko hii.

Mwanaisimu hawezi kuliacha neno lipite bila kulipekua. Neno "shindano" lilinikera tangu siku ya kwanza. Kitenzi "shindana" kimebeba kauli ya kutendana: watu wawili wanatafutana nani amshinde mwenzake. Kwetu hapakuwa na mshindi wala kikombe. Nilipendekeza tuite "changamoto", kwa kuwa asili ya neno hilo ni jambo limtialo mtu hamu ya kujipima. Wenzangu wakakataa, na walikuwa na haki. Siku hizi changamoto limekuwa jina la heshima la shida. Tukiambiwa barabara ina changamoto, tunajua imejaa mashimo.

Watoto hawakungoja tumalize mabishano yetu. Wao waliita "kapicha", na wingi wake "tupicha". Mwalimu wa Kiswahili wa zamani angechukua kalamu nyekundu papo hapo, kwani Kiswahili sanifu kinataka "kijipicha" na "vijipicha". Lakini ka- na tu- ni viambishi vya udogo vilivyo hai katika Kiembu na Kimeru, na hata Kiswahili cha mashariki ya Kongo huvitumia. Mtoto asemaye "kapicha" hajakosa akili. Ameuazima utajiri wa lugha ya nyanya yake na kuuleta katika lugha ya shuleni. Afundishwe usanifu, naam, lakini asifanywe aone haya.

Somo la pili la lugha lilitokana na rangi zenyewe. Mvulana mmoja alichora tawi la mbuni, tunda moja likiwa bado bichi, jingine limeiva, na la tatu likiwa katikati ya hayo mawili. Aliniuliza rangi ya lile la katikati huitwaje kwa Kiswahili. Nilikaa kimya. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo asilia na vinavyochukua upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Lugha za Kiembu na Kimeru nazo zina mizizi mitatu ya maana hizo hizo: -eru, -iru na -tune. Ndiyo maana katika Embu utakutana na akina Njeru na akina Njiru kila kijiji. Mwaka 1969, wasomi wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walidai kwamba lugha yenye majina ya msingi matatu tu ya rangi huwa na haya haya: jeusi, jeupe na jekundu. Wapo waliowapinga katika mengine, lakini mlima wetu haukuwaangusha katika hilo.

Rangi nyingine nyingi Kiswahili kimeziita kwa kuvitazama vitu. Kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda. Kumbe kila jina la namna hiyo lilianza kwa mtu aliyekitazama kitu na kusema, "Ni kama hiki." Basi nikamrudishia mvulana swali lake: wewe unaionaje? Akafikiri, akajibu kwamba ni rangi ya muguka wa jana. Kila aliyetoka Mbeere alicheka, kwa sababu kila mmoja wao aliiona rangi ile mara moja: majani yaliyolala usiku mmoja bila kuuzwa, yakaanza kupoteza ukijani wake. Sijui kamusi iliyo na jina sahihi kuliko hilo.

Hapo nilianza kuelewa kwamba tulichokuwa tukifanya hakikuwa mchezo mtupu. Watu wa Meru na Embu wamewahi kuchorwa, tena kwa ustadi. Kuanzia mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilimwajiri Joy Adamson, yule ambaye baadaye alisifika kwa habari za simba Elsa, awachore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya watu hao. Wazee wetu wamo humo, na picha zenyewe ni hazina ya taifa. Lakini mle ndani wao ni watu waliokaa kimya wakitazamwa. Mkono ulioshika brashi ulikuwa wa mwingine, na mwingine huyo ndiye aliyeamua kipi kinafaa kukumbukwa. Mama mwuza mboga anapolichora sinia lake la nyanya juu ya kipande cha boksi, huenda mkono ukatetemeka, lakini uamuzi ni wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Siku ya kuanika picha, mwalimu mmoja alishauri tuzitie alama. Alisema kwamba watoto wamejitahidi na wanastahili kujua wamefikia wapi. Nakiri kuwa nilikuwa wa kwanza kumuunga mkono. Miaka mingi ya kusahihisha mitihani huufanya mkono uwashe ukiona karatasi isiyo na alama. Nikapewa kalamu, nikaanza na picha ya msichana wa Gredi ya 7 kutoka upande wa Chuka. Alikuwa ameuchora Mlima Kenya alfajiri. Kilele chake kilikuwa cheusi tii, jabali tupu, na ubavuni palikuwa na doa dogo jeupe lisilozidi punje ya mchele.

Niliona kosa. Nani asiyejua kwamba Mlima Kenya una kilele cheupe? Nikiwa tayari kumpa nne juu ya kumi, nilimwita nikamuuliza theluji ameisahau wapi. Alinitazama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mimi nimeuangalia kila asubuhi kabla haujafunikwa na mawingu. Hiyo nyeupe niliyoweka ndiyo niliyoiona. Nyingine iko wapi?"

Nyingine iko wapi? Msomaji, swali hilo lilinishinda kujibu mbele ya watoto. Barafu ya mlima ule inakwisha. Tabaka kubwa kuliko yote, liitwalo Lewis, lilipimwa mwaka 1934, na vipimo vya mwaka 2010 vilionyesha kwamba lilikuwa limepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Theluji huanguka bado nyakati za baridi, kisha ikayeyuka. Lakini lile vazi jeupe la kudumu tulilolijua katika vitabu vyetu vya shule limebaki kuwa viraka. Na jina lenyewe la mlima, ambalo mmishonari Ludwig Krapf alilipata kwa Wakamba mwaka 1849 na ambalo baadaye likawa jina la nchi nzima, wengi hulihusisha na manyoya meusi na meupe ya mbuni dume. Jina letu ni maelezo ya rangi, na rangi moja kati ya zile mbili inatutoka huku tukitazama. Au tuseme, huku tusitazame.

Maana kwenye kamba ile ile, karibu na picha ya msichana, palikuwa na picha yangu ya siku ya 12. Nami nilikuwa nimeuchora mlima, tena nikaupaka kilele cheupe pe pe pe. Siku hiyo mawingu hayakufunguka tangu asubuhi hadi jioni. Sikuwa nimeuona mlima hata kidogo. Nilikuwa nimechora kile nilichofundishwa, nikavunja sharti kuu la shughuli nzima, na bado nilikuwa nimeshika kalamu ya kumwadhibu mtoto aliyelitii. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi, pamoja na shahada zangu zote, nilihitaji kuambiwa. Nikairudisha kalamu, na alama hazikutiwa.

Walimu wenzangu, hoja yangu ni hii. Mtahini hutia alama kwa kulinganisha kazi ya mtoto na jibu ambalo tayari analo. Katika hesabu hiyo ni haki. Katika zoezi la kutazama, jibu la mtahini laweza kuwa limepitwa na wakati, na mtoto ambaye ameona sawasawa ndiye atakayeanguka. Akianguka mara mbili tatu, atajifunza. Atapaka kilele rangi nyeupe kama mwalimu atakavyo, apate kumi juu ya kumi, na macho yake yafumbe.

Tumewahi kuyaona haya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa iliwekwa miongoni mwa masomo ya kutahiniwa katika KCPE. Mimi ni mmoja wa watahiniwa wa miaka ya 1990, na ninachokumbuka ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Mtu aliweza kufaulu bila kuchora hata mstari. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo hilo likaondolewa mtihanini, na mara moja vipindi vyake vikageuka kuwa vya hisabati. Tulikuwa tumelifanya somo liishi kwa alama tu, basi alama zilipoondoka likafa. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 umeirudisha sanaa kwa heshima. Lakini tayari nawaona walimu wakihangaika na majedwali ya nani amefikia matarajio na nani yuko chini yake. Matarajio ya nani?

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kenya hafanyi kazi isiyo na alama. Mimi nimewaona wakiifanya kwa siku 30, na waliokatiza njiani wengi wao walikuwa watu wazima. Wapo wazazi waliochoka kununua rangi na karatasi za manila, nao wana haki ya kuchoka. Lakini boksi la sabuni, kipande cha kaa na udongo wa uani havihitaji risiti. Picha ikiwa ndogo, gharama huwa ndogo, na woga pia hupungua. Karatasi kubwa humtisha mtoto. Kipande cha ukubwa wa kiganja humwita.

Sisemi kwamba somo zima lisitahiniwe. Nasema patengwe mahali pamoja ambapo kalamu nyekundu haiingii. Dakika kumi kila Ijumaa zatosha. Kila mwanafunzi achore kitu kimoja alichokiona wiki hiyo, kisha chini yake aandike jina la kitu hicho na la rangi yake, kwa lugha ya nyumbani kwao na kwa Kiswahili. Jina likikosekana, aulize wazee. Nao wakikosa, alitunge, kama yule wa muguka wa jana. Mwisho wa muhula, mwalimu atakuwa na kamba nzima ya picha, na orodha ya maneno ambayo sisi wa vyuo vikuu tungesafiri mbali kuitafuta. Na mwalimu naye achore, aanike picha yake pamoja na za wanafunzi, ili wamsahihishe inapobidi.

Mwezi ujao tutaanza tena. Nimekata maboksi yangu tayari, na nimejizoeza kuamka alfajiri kabla mawingu hayajashuka. Jana mlima ulionekana kwa muda wa robo saa. Nimeuchora mweusi, na nimeacha mahali padogo kwa punje ile ya mchele.