Siri ya Ndani na Mwenye Hisa wa Kikwe

Mchuuzi wa mahindi wa Kikwe aamkaye alfajiri, akaenda soko la Kilombero mjini Arusha na kukuta bei imepanda, hurudi kununua magunia ya jirani zake kwa bei ya jana. Jirani watanung'unika, lakini hapo hapana wizi; habari ile angeipata yeyote ambaye angefunga safari. Sivyo ilivyo kwa karani aliyepiga chapa barua ya serikali ya kupandisha bei, akawahi kununua kabla haijatangazwa. Mchuuzi ametumia jasho lake. Karani ametumia amana.

Biashara ya hisa kwa siri za ndani ndiyo hiyo ya karani. Mkurugenzi, mhasibu au mwanasheria ajuaye kwamba kampuni karibu itauzwa, akanunua hisa zake kabla ya tangazo au akamnong'oneza shemeji yake, amevunja sheria. Tanzania ilikataza mwenendo huo kwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, miaka minne kabla mauzo hayajaanza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Oktoba 2018, kampuni ya Kifaransa ya Rubis ilitangaza nia ya kuinunua KenolKobil ya Kenya kwa shilingi 23 za nchi hiyo kwa kila hisa. Siku chache kabla ya tangazo, hisa hizo zilikuwa zimenunuliwa kupita kawaida. Mamlaka ya Kenya ilizuia akaunti kadhaa ikachunguza. Waliouza siku zile waliuza kwa bei ya chini, gizani.

Mwanasheria wa Marekani, Henry Manne, alidai mwaka 1966 kwamba biashara hiyo yafaa, kwani huifikisha bei kwenye ukweli upesi. Labda, lakini gharama ya upesi huo hulipwa na yule asiyejua.

Tena, neno "kutangazwa" lenyewe lina walakini. Hesabu za makampuni aghalabu huchapwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Kwa mwalimu mstaafu wa Kikwe mwenye hisa mia mbili, habari iliyokwisha kutangazwa kisheria ingali siri. Yapasa kila kampuni ilazimishwe kutoa muhtasari wa Kiswahili siku ile ile, na umfikie mwalimu huyo kwa simu yake ya mkononi.