Okidi isiyo na maua ni mtaji, si takataka

Katika bustani nyingi za miche zilizo kando ya barabara za miji kama Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, okidi hununuliwa kwa sababu ya maua yake na hutupwa mara maua hayo yanapopukutika. Mnunuzi huamini kuwa mmea umemaliza kazi yake. Muuzaji naye, akibakiwa na miche isiyo na maua, huiweka nyuma ya banda hadi inyauke. Hivyo fedha za wote wawili huishia jalalani.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa, na chanzo chake mara nyingi ni chungu.

Mfanyabiashara aliyezoea kuotesha mawaridi hudhani kila ua linahitaji udongo mweusi na samadi. Lakini okidi nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kupamba nyumba, zikiwamo Phalaenopsis, Dendrobium na Vanda, asili yake ni nchi za joto za Asia, ambako nyingi hukua juu ya miti. Mizizi yake imezoea hewa. Ikifukiwa kwenye udongo unaotuamisha maji huoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hauchanui hata ukiwekewa mbolea nyingi kiasi gani.

Vifaa vinavyofaa si vya gharama kubwa: vipande vya makumbi ya nazi, vipande vya mkaa na maganda ya miti. Makumbi hayo yalowekwe kwanza na maji yabadilishwe mara kadhaa ili kupunguza chumvi. Baada ya miaka miwili hivi, makumbi na maganda huoza, hushikamana na kuzuia hewa. Huo ndio wakati wa kubadilisha.

Kazi hiyo ifanywe maua yakishakwisha na mizizi mipya inapoanza kuchomoza. Mmea utolewe taratibu. Mizizi migumu yenye rangi ya kijani au kijivu iachwe, ile ya kahawia iliyolainika ikatwe kwa kisu kilichosafishwa kwa moto au spiriti. Chungu kipya kiwe na matundu na kiitoshe mizizi tu, kwani chungu kikubwa mno hukaa na unyevu muda mrefu. Kwa wiki moja au mbili mmea ukae kivulini na upewe maji kidogo.

Hapa ndipo penye faida ambayo wengi hawaioni. Mche wa Dendrobium wenye mashina sita unaweza kugawanywa wakati wa kubadilisha chungu, ilimradi kila fungu libaki na mashina yasiyopungua matatu yenye mizizi. Aliyekuwa na mche mmoja sasa ana miwili, bila kurudi kwa muuzaji wa jumla. Phalaenopsis haigawanywi hivyo, lakini ikitunzwa huchanua tena, na maua yake yanaweza kudumu miezi miwili hadi mitatu.

Kuchanua kunategemea pia mwanga na hali ya hewa. Majani yenye kijani kilichokolea sana ni dalili kuwa mwanga hautoshi. Yakigeuka manjano na kuungua, jua limezidi. Phalaenopsis hutoa kikonyo cha maua joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi kwa wiki kadhaa, hivyo mkulima wa Lushoto ana nafasi nzuri kuliko wa Tanga mjini. Wa pwani atafanya vizuri zaidi kwa kuchagua Dendrobium na Vanda zinazostahimili joto.

Wapo watakaosema biashara hii ni ya polepole, na hawakosei. Mche uliogawanywa unaweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuchanua, na wanunuzi wa okidi si wengi kama wa mchicha. Kwa hiyo si busara kukopa fedha au kung'oa mahindi kwa ajili ya okidi. Inafaa kuwa biashara ya pembeni kwa mtu ambaye tayari anauza miche na ana kivuli na maji. Huyo anaweza pia kutoza ada ya kuwabadilishia wateja vyungu. Mteja ambaye okidi yake imechanua mara ya pili atarudi kununua nyingine.

Jambo moja halifai kabisa: kwenda kung'oa okidi porini kwa kuwa ni za bure. Kusini mwa Tanzania, uchimbaji wa viazi vya okidi kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa Zambia, umepunguza mimea hiyo katika nyanda za juu. Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inajulikana kwa okidi hizo. Biashara ya kuvusha okidi mipakani husimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Isitoshe, okidi nyingi za porini zikihamishwa hufa, hivyo mchimbaji huharibu pori na bado hapati mche wa kuuza.

Kabla ya kuagiza miche mingine, ni vyema muuzaji akague kwanza ile iliyotelekezwa nyuma ya banda. Yenye mizizi hai inahitaji chungu kipya, makumbi na subira.