Uzito wa Mitumbwi Mikuukuu
Mtu ashukaye kutoka Moshi kwenda Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, kwa nia ya kununua mtumbwi uliokwisha tumika, aweza kukuta mitumbwi miwili ya mbao iliyoundwa kwa kipimo kimoja, nao mmoja ukainuliwa na watu wawili ilhali wa pili wawashinda wanne. Hapana muujiza katika jambo hili, kwa sababu mbao ina tabia ya kunywa maji, hata nyuzi zake zikishiba huchukua unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake mkavu. Tena kila kiraka, kila kalafati na kila tabaka ya lami huongezeka juu ya ile ya zamani. Na unene nao una hesabu yake, maana mbao za eneo la mita 5 za mraba, zikizidi sentimita 1 tu, kwa mti wenye uzito wa kilo 700 kwa mita ya ujazo, huongeza kilo 35. Kwa hiyo wepesi peke yake si dalili ya ubora, kwani huenda umeletwa na ubao uliolika, wala uzito si aibu ukitokana na unene wa kuaminika. Namsihi mnunuzi aukaushe mtumbwi kivulini, augonge kila ubao, kisha aupime. Kwani watu wa Kilimanjaro, waliozoea mizani ya kahawa tangu chama chao cha ushirika, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, hawana udhuru wa kununua kwa macho chombo ambacho roho ya mvuvi na riziki ya wanawe vyakitegemea.