Mpimeni Mgeni, Msipime Pasipoti Yake

Kuanzia tarehe 22 Januari hadi tarehe 11 Oktoba mwaka 2021, Tanzania ilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu aliyekuwa Tanzania ndani ya siku kumi zilizopita hakuruhusiwa kuingia Uingereza, isipokuwa awe raia wa nchi hiyo, au wa Ireland, au mwenye kibali cha kuishi huko. Na hao walioruhusiwa, tangu tarehe 15 Februari, walilazimika kukaa siku kumi katika hoteli ya karantini kwa gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Mwezi Agosti gharama hiyo ikapanda hadi pauni 2,285.

Masharti yale yalifutwa yote mwezi Machi 2022, na wengi tumeshayasahau. Naona tusiyasahau upesi hivyo, kwa sababu magonjwa ya mlipuko hayajaisha, na siku yatakapofungwa tena malango ya Ulaya ni vizuri tujue mapema lipi lilikuwa haki na lipi halikuwa.

Nianze na lililo haki. Mwenye nyumba ana haki ya kulinda nyumba yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inafundisha mambo mawili kwa pamoja: mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo, na viongozi wanaweza kuweka masharti ya kuingia kwa ajili ya manufaa ya wote. Hivyo kudai kipimo, kudai chanjo au kumtenga msafiri kwa siku kadhaa si dhambi wala si ubaguzi. Sisi wenyewe, mwezi Mei 2021, tulianza kudai cheti cha kipimo kilichofanyika ndani ya saa 72 kwa kila mgeni anayeingia Tanzania. Hakuna aliyeona tumemtukana.

Swali ni kwamba, mlangoni, tunapima nini?

Wanaosoma Maandiko wanaijua sura ya 13 ya kitabu cha Walawi. Wengi huipita haraka kwa sababu inazungumza habari za vidonda na mabaka. Lakini hebu tuitazame jinsi inavyofanya kazi. Kuhani anamkagua mtu mwenyewe, anatazama ngozi yake. Asipokuwa na uhakika, anamtenga siku saba, kisha anamtazama tena. Na katika sura ya 14 kuna utaratibu wa kumtangaza mtu kuwa safi ili arudi kambini. Ni sheria ngumu, wala sisemi tuirudie. Ila kuna jambo ambalo haifanyi: haiulizi mtu ametoka kabila gani. Inatafuta ugonjwa kwenye mwili, na inamwachia mgonjwa njia ya kurudi.

Orodha nyekundu haikuwa na njia hiyo. Chukua mfano wa mama wa Maneromango, wilayani Kisarawe, ambaye binti yake anaishi Uingereza na amejifungua mtoto wa kwanza. Mama huyu angeweza kupimwa mara tatu na kukutwa hana kirusi. Angeweza kuwa tayari kukaa karantini hata mwezi mzima, na binti yake akawa tayari kulipa. Jibu lingebaki lilelile: hapana. Lakini Mwingereza aliyekwenda kupumzika Zanzibar, akapanda ndege moja na huyo mama, angepokelewa na kupelekwa hotelini. Kirusi hakisomi pasipoti. Kama hoteli ya karantini ilitosha kumzuia Mwingereza asiambukize wengine, ingetosha pia kwa mama wa Kisarawe.

Wapo watakaosema kwamba katika dharura hakuna nafasi ya kumpima kila mtu. Kwa wiki za kwanza nawakubalia. Hofu ya aina mpya za kirusi ilikuwa ya kweli, na kiongozi anayengoja uhakika wote huchelewa. Lakini karibu miezi tisa si wiki za kwanza. Na uamuzi uliofuata haukuchukuliwa kwa haraka wala kwa hofu.

Tarehe 24 Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, zawadi ya Marekani kupitia mpango wa COVAX. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na chanjo ikaanza kusambazwa mikoani, Pwani ikiwemo. Mwezi Septemba Uingereza ikatangaza kanuni mpya zitakazoanza tarehe 4 Oktoba: msafiri atahesabiwa amechanjwa ikiwa chanjo yake ilitolewa Uingereza, Ulaya, Marekani au katika nchi nyingine chache zilizotajwa. Katika nchi hizo haikuwemo hata moja ya Afrika. Basi chanjo ya Janssen ikichomwa Chicago, mtu amechanjwa. Chanjo hiyohiyo, iliyotolewa na serikali hiyohiyo ya Marekani, ikichomwa Kibaha, mtu hajachanjwa. Na ajabu zaidi, mwaka huohuo sehemu ya chanjo za Janssen zilijazwa kwenye chupa Afrika Kusini, katika kiwanda cha Aspen huko Gqeberha, na nyingine zikapelekwa Ulaya.

Hapa ndipo sharti la afya linapogeuka kuwa jambo jingine. Dawa ni moja, mwili wa binadamu ni mmoja. Kilichokosa kuaminiwa ni mkono wa muuguzi wetu na muhuri wa hospitali yetu. Kwa mtu wa Kibaha jambo hili lina uchungu wa pekee. Mwaka 1963 Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi zilikubaliana na Tanganyika kujenga hapa kituo cha elimu na afya, ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Huduma ya afya ya Tumbi ilianza katika mpango huo, na mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Serikali yetu. Wazungu walikuja, wakakaa nasi, wakafundisha, wakaondoka wakiamini kwamba kazi tunaiweza. Miaka hamsini baadaye karatasi inayotoka hapa haitoshi mlangoni kwa watu wa bara lilelile.

Lakini ndugu msomaji, tusiishie kuwanyooshea wengine kidole. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, nchi yetu haikutangaza idadi ya wagonjwa wa UVIKO-19. Mwezi Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa katika uwanja wa ndege wa Luanda, na wanasayansi wakakuta kwao kirusi chenye mabadiliko mengi ambacho hakikuwa kimeonekana kabla. Dunia ilipata habari za ugonjwa wetu kutoka Angola. Mwenyeji anayemkaribisha mgeni asiyetaka kusema anatoka nyumba gani na wagonjwa wako wangapi, tutamlaumuje akisita mlangoni? Maaskofu wetu waliona hatari hiyo. Mwezi Januari 2021 Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliyekuwa Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, aliandika waraka wa kuonya juu ya wimbi jipya, wakati ambapo kusema hivyo hakukuwa kwepesi.

Hata hivyo, anayesema ukweli naye lazima alindwe. Mwezi Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitangazia dunia kirusi cha Omicron bila kuficha. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari ndani ya siku mbili, ingawa baadaye ilibainika kwamba Uholanzi kirusi hicho kilikuwamo tayari kabla ya tangazo lao. Ukimpiga anayekuambia ukweli, unawafundisha majirani zake wote kunyamaza.

Tufanye nini basi? Mfano mzuri tunao tayari, nao ni kadi ya homa ya manjano. Ni kadi moja inayotambuliwa na nchi zote chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa. Inatambuliwa ikiwa chanjo imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani na kituo kilichoitoa kimeruhusiwa na serikali ya nchi yake, iwe Geneva au Dar es Salaam. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote. Kwa ugonjwa wowote ujao, viongozi wetu wadai utaratibu kama huo: chanjo iliyoidhinishwa itambuliwe popote ilipotolewa, na msafiri asiyechanjwa apewe njia ya kupimwa na kutengwa badala ya kufungiwa mlango.

Na sisi kwa upande wetu tuwe watu ambao neno lao linaaminika. Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa; sisi kwanza tukakanusha, na siku chache baadaye Rais mwenyewe akathibitisha. Zile siku chache zina gharama. Kila takwimu inayofichwa leo italipwa kesho na mwanafunzi atakayenyimwa viza, na mama atakayezuiwa kumwona mjukuu wake.

Tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, mgeni aje na ukweli wake. Na mwenyeji, akishaupata ukweli huo, amtazame mgeni usoni, wala si kwenye jalada la pasipoti yake.