Gredi ya Kidato cha Nne Isimfuate Mtu Hadi Karen

KUTOKA KIBOMET
Na Nekesa Wafula

Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa ushindi Waogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon, ambao ardhi yao ya mababu ilikuwa imegeuzwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Walihangaika kortini miaka mingi. Sasa mtoto wa Chepkitale anayetaka kuvaa joho na kuisimamia mwenyewe kesi kama ile apitie mlango gani?

Mlango uko Karen, Nairobi, kwenye Kenya School of Law. Huwezi kuapishwa uwakili kwa njia ya kawaida bila kupita pale. Sheria ya 2012 inayoiongoza shule hiyo inataja digrii ya sheria, na pia KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne: wastani wa C+ na B katika Kiingereza au Kiswahili. Je, gredi hizo ni za kila mtu, au za aliyesomea digrii nje ya nchi tu? Shule iliwahi kulisoma jedwali la sheria hiyo kwa namna iliyowafungia nje watu wenye digrii za vyuo vyetu wenyewe. Wakashtaki, na majaji nao wakatofautiana.

Marekani wana mtihani wao, LSAT, tangu 1948, na wanabishana kama unawabana Weusi na maskini. Angalau ule ulitungwa kwa ajili ya shule za sheria. KCSE haikutungwa kumpima wakili. Inapima pia alikosomea mtu na mwaka aliosoma. Mtahiniwa wa Mlima Elgon wa 2008 alikuwa na nini mkononi? Wanamgambo wa SLDF walikuwa wamewavuruga wazazi wake tangu 2006, jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha Machi 2008, na familia zikatawanyika hadi Kitale na Uganda. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Akipata C ya Kiingereza mwaka huo, mimi naiona ni gredi ya shujaa.

Tuseme mtu huyo akaanzia diploma ya sheria, akapanda hadi digrii, akafaulu sheria ya mikataba na ya jinai. Kumrudisha kwenye karatasi aliyofanya akiwa na miaka 18 ni kumwambia kwamba chuo kikuu kilikuwa kinampotezea muda. Kama hatuviamini vyuo vyetu, tuvifungie.

Wanaotetea gredi husema zinalinda ubora. Hoja hiyo siidharau. Mteja anayepoteza shamba kwa uzembe wa wakili hana pa kulilia. Lakini wanafunzi wa Karen wana mitihani yao ya uwakili, migumu kwelikweli, na wengi wanaoanguka waliingia na B zao. Mchujo uwe pale, kwenye kazi yenyewe.

Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iwape walio wachache na waliotengwa nafasi maalum katika elimu. Sioni nafasi hiyo kwenye jedwali la Karen, na ada ya pale ni mlima mwingine kwa Msengwer wa Cherangani. Bunge liliandike jedwali hilo upya, kwa maneno yasiyohitaji jaji: digrii inayotambuliwa inatosha. Kisha litenge fedha za ada kwa jamii hizi. Wabunge wa Mlima Elgon, Endebess na Kwanza wana hadi Agosti 2027 kuupeleka mswada huo.