Kusoma Kiwango na Kuweka Kiwango

Mkulima wa mpunga wa Chimala, katika bonde la Usangu, hana haja ya kufundishwa tofauti ya kutazama maji na kuyaongoza. Kutazama kina cha maji mferejini ni ruhusa ya kila apitaye. Kufungua mlango wa banio ni kazi ya aliyekabidhiwa. Tena mfereji mdogo usio na mlango wake haupati maji bila kikomo: hupata yale tu yaliyoachiwa na mlango wa juu.

Jambo hilo hilo limo katika programu za kompyuta, na watungaji wengi hulipuuza. Programu iliyotungwa vema huwa na daftari la matukio, na kila tukio hupewa uzito. Katika lugha ya Python uzito huo ni namba: uchunguzi wa ndani 10, taarifa 20, onyo 30, kosa 40, hatari kubwa 50. Kila sehemu ya programu ina karani wake, naye huwekewa kiwango. Tukio lililo chini ya kiwango hicho haliandikwi.

Je, karani ambaye hakuwekewa kiwango ana kiwango gani? Ukisoma namba yake utakuta 0. Asiyejua atadhani kila kitu kinaandikwa. Sivyo. Sifuri hapo maana yake ni kwamba karani anamfuata mkubwa wake. Na mkubwa wa wote, asipobadilishwa, ana 30. Onyo litaandikwa, taarifa itapotea. Ndiyo sababu Python ina njia mbili za kusoma: ya kwanza hutoa namba ya karani mwenyewe, ya pili hupanda kwa wakubwa hadi ikipate kiwango kinachotenda kazi.

Kumwonyesha mtumiaji jibu la kwanza peke yake ni kumdanganya. Ifikiriwe hospitali itumiayo OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya. Fundi aliyesoma kiwango kisicho cha kweli atatanabahi siku ya hitilafu, daftari likiwa tupu. Naye akikishusha hadi uchunguzi wa ndani kisha akasahau, diski hujaa, na pengine siri za wagonjwa huingia daftarini.

Basi kusoma kuwe kwa wafanyakazi wote, na jibu liwe la kiwango kinachotenda kazi. Kuweka kuwe kwa wachache. Njia ya kuweka ikatae jina la kiwango isilolijua, kama Python ikataavyo. Na jina la aliyebadilisha, saa, kiwango cha zamani na kipya viandikwe hata pale ambapo daftari limefungwa kwa mengine yote.